Maji ya Ufuo

Neno lililoleta matata lilikuwa zafarani, na aliyelitamka ni mtu asiyependa mifano.

Dokta Kokushubila alikuwa mkemia. Miaka tisa alifanya kazi ughaibuni, kwenye visima vya mafuta, na kazi yake ilikuwa moja tu: kujua maji yanakwenda wapi. Wachimbaji husukuma maji ardhini kupitia kisima kimoja ili yayafukuze mafuta yatokee kwenye kisima kingine. Lakini huko chini, kilomita mbili ndani ya mwamba, hakuna jicho linaloona maji yamepita njia ipi. Kwa hiyo hutiwa dawa kidogo, isiyopatikana mahali hapo kwa asili; kila kisima na dawa yake. Siku dawa hiyo ikionekana katika kisima fulani, maji yamefika hapo na ubishi umekwisha. Yeye aliiita alama. Maji yote yanafanana, alikuwa akisema. Ukiyatia alama umeyapa jina.

Aliporudi nyumbani alifungua maabara ndogo Boko, na mwaka huu, mwezi wa Juni, akapata kazi Temeke. Kampuni moja yenye yadi ya matangi ya mafuta ilikuwa imechoka kulipia magari ya kubeba maji machafu yanayobaki matangi yakioshwa. Ndani ya yadi kulikuwa na kisima kirefu cha zamani kisichotumika. Kampuni iliomba kibali cha kuyasukuma maji hayo humo. Ikajibiwa: kwanza thibitisheni kwamba hayatafika kwenye visima vya watu.

Kisima cha karibu kilikuwa mita tisini nje ya ukuta, uani kwa Bi Mwajabu. Kaya sitini na tatu zilichota hapo. Kokushubila akiandika kwamba maji hayafiki, kibali kitatoka. Akikosea, kaya sitini na tatu zitakunywa maji yaliyooshewa matangi ya mafuta, na mwanzoni hata hazitasikia ladha.

Yeye mwenyewe alitarajia kuandika kwamba hayafiki. Ramani ilionyesha maji ya chini yakielekea baharini, nacho kisima cha Bi Mwajabu kiko upande wa pili, mahali palipoinuka.

Kabla ya kuanza aliitwa kwenye mkutano wa mtaa.

"Hiyo dawa yenu si sumu?" mama mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Maana sie ndio wa kufanyiwa majaribio kila siku."

"Si sumu hata kidogo," Kokushubila alijibu. "Hospitalini mgonjwa hudungwa mshipani wakitaka kumpiga picha ya ndani ya jicho. Ni unga wa rangi ya machungwa, ukiingia kwenye maji unakuwa manjano." Akaona nyuso bado zimekunjamana. Akatafuta neno la pwani kwa watu wa pwani. "Ni kama zafarani tu. Hata ukinywa haikudhuru."

Nyuso zikakunjuka. "Aa, zafarani!" Neno likapita benchi hadi benchi. Kokushubila, aliyezaliwa Bukoba na kuijua zafarani kwenye pakiti ya viungo vya pilau, akaketi akiwa ameridhika.

Kesho yake alitia alama mbili katika kisima cha yadi. Ya kwanza ni ile rangi. Ya pili haikuwa na rangi wala harufu. Ilikuja katika chupa ndogo iliyofungwa kwa lakiri, ikamiminwa kwa mkono wake mwenyewe, na chupa tupu ikarudi Boko kwenye mkoba wake. Katika daftari iliandikwa Namba Mbili. Rangi huonekana mapema kwa taa. Namba Mbili haionekani kwa chochote ila mashine, na utaratibu wake ulikuwa kuipima mwisho, sampuli zote kwa pamoja, ili asije akatazama tarakimu moja moja na kuanza kutamani. Mkebe wa rangi iliyosalia uliachwa kwenye stoo ya yadi, chini ya mlinzi wa mchana, mzee Mwishehe.

Kila asubuhi Badru, fundi wake wa sampuli, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina na mzaliwa wa Temeke, alijaza chupa moja kisimani kwa Bi Mwajabu na kuipeleka Boko.

Siku nane zilipita bila kitu. Chupa ya siku ya tisa Kokushubila aliiweka chini ya taa ya urujuani saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa, akiwa anaongea na simu. Akaikata simu bila kuaga. Ndani ya chupa maji yalikuwa yakiwaka kijani hafifu, kama jicho la paka lililogeuka kidogo.

Akaosha chupa nyingine, akapima tena. Akapima maji ya bomba lake mwenyewe: giza. Akarudi kwenye chupa za siku ya saba na ya nane, ambazo alikuwa amezipitisha haraka haraka. Ya nane ilikuwa na mng'ao. Ya saba nayo, ukiitazama kwa subira, ilikuwa nao.

Maji yaliyopaswa kwenda baharini yalikuwa yamepanda.

"Badru, chupa hizi ulizichota wapi?"

"Kisimani, madamu. Mie ningezichota wapi tena, Coco Beach?"

"Mikono ilikuwa safi?"

"Madamu, mie siku hizi naosha mikono kuliko daktari wa upasuaji. Mke wangu ashaanza kunishuku."

Mchana huo alikwenda yadi kuupima mkebe. Alikuwa ameupima kabla ya kuuacha, kwa kuwa hupima kila kitu. Zilipungua gramu kumi na mbili.

"Mzee Mwishehe yuko wapi?"

"Yumo msibani," alijibu Badru. "Kafiwa na mkewe, Bi Rukaiya. Ini. Aliugua tangu kabla ya mfungo. Leo siku ya tatu, ndiyo wanaondoa matanga."

Kokushubila akahesabu nyuma. Rukaiya alizikwa siku ya saba.

Alifika kwa Bi Mwajabu saa sita mchana, siku ya kumi. Mwenye kisima alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mkali wa ulimi, na ndiye mwosha maiti za wanawake wa mtaa ule. Alikuwa kibarazani akichagua mchele.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, Dokta wa maji. Umekuja na chupa au na maneno?"

"Na swali. Kuna mtu amemwaga kitu karibu na kisima?"

"Hapa hapamwagwi kitu. Mmwagaji namkata mkono."

"Bi Rukaiya ulimwosha wewe?"

"Mie."

"Uliona jambo lolote lisilo la kawaida?"

Kidole cha Bi Mwajabu kikasimama juu ya chuya. "Nani kakufundisha kuuliza hivyo?"

"Nauliza habari za maji."

"Umeuliza habari za maiti. Mwosha haulizwi alichokiona. Aliyelala pale hana wa kumsitiri ila yule anayemmwagia maji. Nikimsema, na yangu yatasemwa. Mwosha huoshwa, mwanangu."

Kokushubila hakubishana na dini ya mtu. Alieleza mambo kama yalivyo. Alama imeonekana kisimani. Ikibaki hivyo, ataandika kwamba maji ya yadi yanafika hapa, na kampuni itanyimwa kibali.

"Si ndiyo kheri yetu?"

"Ni kheri, kama ni kweli. Kama si kweli nitaifuta. Lakini siwezi kuifuta wala kuiacha bila kujua imetoka wapi."

"Ukiiacha tu, utakuwa umekosa nini?"

"Nitakuwa nimesema uongo juu ya maji."

"Juu ya maiti," Bi Mwajabu akamsahihisha. Kisha akautazama ukuta wa yadi. Mwishowe akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo mdogo, akauweka juu ya mkeka. "Banda lile. Mie sijasema kitu. Macho ni yako."

Banda lilikuwa la mabati, pembeni ya kisima, hatua nne tu. Ndani mlikuwa na harufu ya karafuu maiti na udongo mbichi. Katikati kilisimama kitanda cha mbao cha kuoshea, na chini yake sakafu ya udongo ilionyesha kovu refu: ule ufuo, mfereji unaochimbwa upokee maji ya maiti yasikanyagwe na watu, kisha ukafukiwa. Kokushubila alifunga mlango, akatundika kanga dirishani, akawasha taa.

Hapakuwa na kitu. Mbao zilikuwa nyeusi, kavu.

Alijua kwamba rangi ile ikikauka hulala, na huamshwa na maji yenye magadi. Alikuwa nayo kwenye chupa ya kupulizia. Akapuliza, kuanzia mwisho wa kitanda, polepole.

Kwanza vilikuja visigino viwili. Kisha mashavu ya miguu, membamba. Pakawa na pengo, kisha makalio, kisha mabega mawili kama mbawa zilizokunjwa, kisha duara la kisogo. Kijani kilichoiva, kila sehemu iliyogusa mbao. Mtu mzima, mfupi, amelala chali. Kokushubila alichukua futi ya kupimia: sentimita mia moja hamsini na mbili. Akaiandika, na mwandiko ukawa wa kawaida.

Ndipo kisigino cha kushoto kikasogea.

Kilisogea taratibu, kikarefuka, kikafika ukingo wa ubao. Yalikuwa ni maji aliyoyapuliza yakifuata mteremko; kitanda cha kuoshea hutengenezwa kimeinama upande wa miguu, la sivyo hakifanyi kazi. Alilijua hilo. Hata hivyo alikuta mgongo wake umegusa bati la ukutani, na hakukumbuka kurudi nyuma. Mabega nayo yalianza kushuka. Mwili wote wa kijani ukateleza kuelekea miguuni, ukakusanyika, ukadondoka tone kwa tone juu ya kovu la ufuo. Na pale palipodondokewa udongo ukawaka, mstari mwembamba ukitambaa chini ya mlango, upande wa kisima.

Alizima taa, akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo.

"Umeona?" Bi Mwajabu aliuliza, bila kuinua macho kwenye mchele.

"Nimeona."

"Mie sijasema."

"Hukusema."

Mwishehe alikuwa nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka hapo, ameketi kwenye benchi la chuo chake. Jioni alikuwa akiwafundisha watoto Kurani. Kwenye dirisha nyuma yake palikuwa na sahani nyeupe ya udongo imeegemezwa, na ukingoni mwa sahani mistari miwili ya rangi ya machungwa haikutoka vizuri.

Kokushubila alitoa pole. Kisha akaitazama sahani, naye Mwishehe akaona anakotazama.

"Ulisema zafarani," alisema.

Alieleza bila kuficha. Mgonjwa huandikiwa kombe: aya kwenye sahani kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji, na maji yale mgonjwa akanywa na kuoga. Lakini zafarani ya kweli haishikiki siku hizi; ya dukani nyingi ni rangi ya ubuyu. "Nikasema, hii ya Dokta imepimwa. Inaingia mpaka mshipani. Msomi kasema mbele ya watu. Nikachukua vijiko viwili vya chai. Siku tatu nimemwandikia. Siku ya pili nilimtoa juani, ngozi ikawaka kijani, mikono, shingo. Mie nikaogopa. Yeye akacheka. Akaniambia, 'Mwishehe, umenioa binti wa watu, sasa umenifanya kasuku.'" Akafuta uso kwa kiganja. "Siku ya nne yake hakuamka. Hebu niambie wewe uliyesoma. Nimemuua?"

Kokushubila alifanya hesabu kabla ya kujibu, kwa sababu swali lilistahili hesabu. Gramu kumi na mbili, siku tatu. Nyingi zimekwenda kwenye maji ya kuoga. "Hapana. Kiasi hicho hakiui. Ini ndilo lililomwondoa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na siku ile uliposema zafarani, ulikuwa na hakika?"

Hilo halikuwa na hesabu. Alikaa naye kidogo, akaaga.

Usiku wa siku hiyo alilala vizuri, lakini asubuhi aliketi mbele ya taarifa bila kuandika kwa saa nzima. Mambo yalikuwa wazi. Rangi iliyoko kisimani ilikuwa na chanzo kingine, hatua nne kutoka kwenye maji. Haiwezi kuthibitisha lolote kuhusu yadi. Akiifuta, ameiondoa ngao pekee ya kisima kile. Akiiacha, kaya sitini na tatu zinalindwa na umbo la mwanamke aliyekufa. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye safu yote ya rangi, siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Utaratibu ulitaka aandike sababu. Aliitafuta sentensi ambayo haikuwa uongo na haikumvua marehemu sanda. Akaandika: Kosa la mtafiti. Aliwaeleza wakazi asili ya alama kwa neno lisilo sahihi, ikatumika nje ya jaribio.

Allen, mhandisi wa kampuni, alipiga simu siku ya kumi na nne. Alikuwa kijana mchangamfu, hakuwa mtu mbaya. "Dokta, nimesikia ile ya kijani umeifuta. Safi sana. Kwa hiyo tumemaliza?"

"Bado Namba Mbili."

"Lakini ramani si inasema vilevile? Hiyo si ya kukamilisha tu?"

"Ni ya kukamilisha," Kokushubila alikubali.

Alizipitisha chupa zote kumi na nne kwenye mashine, moja baada ya nyingine, kwa siku mbili. Namba Mbili haikuwahi kuwa kwenye mkebe. Haikuwa na rangi ya kumdanganya mtu, na mtaani hakuna aliyejua kwamba ipo. Siku ya kwanza mpaka ya sita: sifuri. Hiyo ndiyo aliyoitarajia, akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi, mashine ilikuwa imeandika ya saba. Haikuwa sifuri.

Ya nane ilikuwa kubwa zaidi. Ya tisa ilikuwa mara sita ya ya saba. Ya kumi ikapungua, ya kumi na moja ikapungua tena, na kufikia ya kumi na nne kulibaki unyoya tu juu ya sifuri. Alirudia zote. Alirudia na chupa tupu. Mlima ule ule mdogo ukasimama mahali pale pale, siku ya saba mpaka ya tisa, kama mtu aliyekuja kwa miadi na kuondoka.

Alimpigia Badru. "Siku ya saba mpaka ya tisa kulitokea nini kisimani?"

"Si msiba, madamu? Watu kama mia tatu. Ndoo zilishindwa, kamba ikakatika, wakaazima pampu ya mafuta kwa fundi mmoja. Simtanki nne zilijazwa kutwa mara mbili. Maji ya kuoshea, ya udhu, ya masufuria. Siku tatu pampu inanguruma mpaka masikio yanauma. Walipoondoa matanga wakairudisha."

Kokushubila akaweka simu mezani. Katika visima vya mafuta hili lilikuwa somo la wiki ya kwanza: maji hayaendi yanakotaka, huenda yanakovutwa. Vuta kwa nguvu upande mmoja, na yaliyolala upande wa pili yataamka. Yeye alikuwa amekipima kisima cha ndoo na kamba, na ramani yake ilikuwa ya siku za kawaida. Bila msiba ule, chupa zote zingekuwa sifuri, naye angetia saini bila hata kunawa mikono.

Aliandika: Maji ya yadi yanafika katika kisima cha wakazi kikivutwa kwa pampu. Kibali kisitolewe. Akatia saini na tarehe.

Jumamosi alikwenda mwenyewe kumweleza Bi Mwajabu. Alimweleza kuhusu alama ya pili, na kwamba haina madhara, na kwamba kampuni imeandikiwa.

"Hiyo ya pili ina rangi gani?"

"Haina rangi."

"Na mie nimeinywa?"

"Umeinywa. Siku nane."

Bi Mwajabu aliegemea ukingo wa kisima, akachungulia chini kama anayemtafuta mtu. "Palikuwa na mto hapa. Mama yangu alikuwa kigori walipoufukia kwa mchanga. Wakajenga huo ukuta juu yake." Akatema pembeni, mbali na maji. "Mto haufi. Unalala tu."

Kokushubila aliandika: mkondo wa zamani, mchanga mnene, uelekeo wa yadi. Hiyo ndiyo njia iliyokosekana kwenye ramani.

"Kwa hiyo aliyeyaita ni Rukaiya," alisema Bi Mwajabu.

"Ni pampu, bibi."

"Pampu ya msiba wa nani?"

Kokushubila akachota chupa yake ya mwisho. Halafu akaaga.

Jioni, maabara Boko, alivuta mapazia na kuwasha taa ili aipime chupa hiyo. Ilikuwa giza, safi. Lakini kwenye ukingo wa mwanga aliona vidoa kumi vya kijani vikining'inia hewani mbele yake. Vilisogea kila aliposogea. Akavitazama mpaka alipoelewa kwamba ni kucha zake mwenyewe; rangi ya kitanda ilikuwa imeingia chini ya kucha na kukaa humo tangu siku ile, licha ya sabuni zote.

Alinawa. Akanawa tena, na mara ya tatu, akayatazama maji ya kijani yakizunguka kwenye sinki na kuingia kwenye tundu, kuelekea shimo, kuelekea mchanga, kuelekea anayevuta. Hakuyaandika popote.